Mume Wangu Amemwekea Mama Mkwe Mlinzi Asiyelala

...na ndiyo, mshauri mpendwa, yule fundi redio niliyekuandikia habari zake mwaka jana, yule uliyeniambia nisimkubali mpaka nimwone akikasirika, ndiye huyohuyo amenioa, kwani nilimwona akikasirika mara moja, akavaa shati ndani nje bila kujua, nikacheka, naye akacheka, mambo yakaishia hapo, na sasa hata nikifua soksi zake najikuta naimba. Nakuomba unisaidie tena, maana safari hii kinachonitesa ni kitu ninachojivunia.

Mama mkwe anaishi peke yake shambani, nusu siku kwa basi na kipande kingine kwa miguu, mahali ambapo intaneti huipati mpaka usimame karibu na tangi la maji uinue simu juu kama unamwita mtu. Msimu uliopita wezi walimwibia pampu ya maji, tukamnunulia nyingine, na mume wangu akakosa raha kabisa. Madukani alionyeshwa kamera ambazo zote zinataka intaneti ya uhakika, basi akajifungia kwenye karakana yake na simu ya zamani, kamera ndogo, paneli ya sola na kifaa kinachohisi mtu akipita, akaunganisha, akajaribu, akaunganisha tena, na sasa picha zinabaki kwenye kadi kulekule shambani, lakini mtu akipita uani simu yake inapokea ujumbe mfupi: "MTU UANI." Ujumbe wa kawaida tu, intaneti haihusiki! Nilipomwona juu ya ngazi, waya mdomoni, jasho linamtiririka kwa ajili ya mama yake, nilisema moyoni, huyu ni wangu.

Ila akipokea ujumbe tu, anapiga simu.

"Mama, kuna mtu uani?"

"Ni mimi, baba."

"Unafanya nini?"

"Naenda chooni, baba. Nikuage?"

Kidogo tu, ujumbe mwingine. "Mama?"

"Narudi!"

Wateja wake wamembatiza Inspekta, na kwa kucheka mimi ndiye wa kwanza. Lakini wiki iliyopita mume wangu akiwa anaoga, mama mkwe alinipigia mimi. "Mwanangu, hivi nilizaa mtoto au nilizaa askari?" Nikacheka, yeye hakucheka. Akaniambia siku hizi haanikii nywele zake juani, maharage anachambulia ndani gizani, na chooni anazungukia nyuma ya banda la mbuzi, kwenye tope, ambako ameteleza akaumia goti. "Akiongeza jicho jingine nahamia kwa binti yangu, na shamba mtalilinda wenyewe na hilo jicho lenu." Kisha akanisihi nisiseme ni yeye aliyelalamika, mwanawe asije akamwona hana shukrani.

Mume wangu akatoka bafuni, taulo begani, akaniambia kwa furaha kwamba amemaliza kifaa cha pili, cha kufunga mlangoni kwa jiko la mama. Nami, mshauri, nikamkumbatia nikamwambia hakuna fundi kama yeye. Ningefanyaje? Alikuwa anang'aa kama taa! Nikisema, nitaizima. Nikinyamaza, mama anaondoka kwenye nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe, na tangu nilipoingia mlangoni kwake hajawahi kuniita kitu kingine ila mwanangu. Nifanyeje?

Bibi Harusi wa Fundi

Bibi Harusi,

Hongera, na soksi endelea kuzifua. Mumeo ni fundi kweli, una haki ya kujisifu. Lakini wewe ulimkumbatia wakati goti la mama yake limevimba, na hapo sikupongezi. Kazi ya mke si kupiga makofi tu.

Zungumza naye leo, mkishakula, kabla hajafunga mzigo wa kwenda shambani. Mama mkwe hutamtaja. Jisemee mwenyewe: "Mume wangu, nyumba ile ya shambani ni yangu pia. Tukienda kule, sitakubali kutoka bafuni na khanga huku simu yako inalia." Hilo ni kweli, na halimvunjii mtu heshima. Akinuna, mwache anune. Si umeshaona hasira zake?

Kisha mpe kazi, maana mafundi hupona kwa kazi. Kamera igeuzwe itazame lango. Kifaa cha pili kisiguse jikoni, kikalinde pampu mpya. Swichi awe nayo mama: mchana anazima, akienda kulala anawasha. Ujumbe uende kwanza kwenye simu yake, na king'ora kilie nyumbani kwake, halafu ujumbe uende kwa jirani wa karibu anayeweza kufika huku anapiga kelele. Mumeo awe wa mwisho. Yuko nusu siku kwa basi, mwizi atamsubiri? Mama ndiye mlinzi wa shamba lile tangu zamani. Kifaa kimsaidie yeye, kisimchunge.

Mkishaelewana, usipige simu wewe. Mpe mumeo apige, na aseme hivi, asipunguze neno: "Mama, kaa uani, ota jua lako. Mimi na mke wangu tunakuja kabla ya mwezi huu kuisha, na wewe ndiye utakayetuonyesha pa kukifunga kifaa cha pili."