Majina Sitini na Moja

Jumatatu, 9 Juni

Mukutano ku sali, ukumbi wa parokia. Kampani inataka kujenga nyumba kubwa ya mashini pale pwani tunapoanika ndagala. Mashini zinatunza picha, barua, mambo yote ya watu yaliyo ndani ya telefone. Zinapata moto sana, kwa hiyo zitakunywa maji ya ziwa mchana na usiku. Monsieur Aristote, mutu wa kampani, anatoka Lubumbashi. Anaongea polepole, hana majivuno. Fanta kwa kila mutu.

Aliniomba niandike majina ya waliofika, eti nina mwandiko muzuri. Majina sitini na moja. Wasiojua kuandika waliweka kidole. Mama Chantal, mukubwa wetu sisi waanika samaki, aliuliza: ni ya nini? Nikamujibu: kuonyesha tu kwamba tulifika.

Ephraïm amerudi na furaha. Wamemwahidi kazi ya nyaya za umeme. Bwana wangu ana miaka miwili bila kazi ya kweli. Leo alikula akiimba.

Alhamisi, 12 Juni

Jua zuri. Ndagala zimekauka siku moja.

Wamama hawaongei kingine. Wanasema tutahamishwa upande wa mawe, kule mitumbwi haifiki. Na umeme? Kwetu unakuja siku mbili kwa juma. Mashini zitakula wa nani?

Jumanne, 17 Juni

Mama Chantal alinituma ku biro ya komine, kwa serikali, nisome dosie ya kampani, juu mimi njo najua Kifaransa. Sekretere aliniacha nisome nikiwa nimesimama.

Ukurasa wa kumi na mbili: «Wakaaji wamekubali kutoa pwani.» Nyuma yake wamebana karatasi za majina.

Mwandiko wangu. Ile k yangu yenye mukia. Vidole vya wamama, kimoja kimoja.

Nilirudi kwa miguu. Pikipiki mbili ziliniita, sikuitika.

Jumatano, 18 Juni

Nimemwambia Ephraïm. Aliweka tonge la bukari chini, akanawa mikono.

Kisha: «Rosine, ni nani mwingine ameona?»

Hakuna.

«Basi nyamaza. Naanza kazi mwezi wa saba. Wewe hukudanganya mutu. Walikudanganya.»

Hakupandisha sauti. Ingekuwa rahisi kama angepandisha. Anasema kweli, na bado ni mimi niliyewashika wale wamama mukono, nikiwaonyesha pa kuweka kidole.

Ijumaa, 20 Juni

Nimeshindwa kunyamaza.

Nilimukuta Mama Chantal akigeuza ndagala. Nikamwambia yote. Aliendelea kugeuza mpaka mwisho wa turubai. Nilidhani hakusikia.

«Kidole changu kiko mule?»

Kiko, Mama.

«Basi wewe njo utakitoa.»

Hakunitukana. Alinipa upande wa pili wa turubai, tukamalizia pamoja.

Jumatano ijayo wakubwa wa serikali, wale wa mazingira, wanafika kusikiliza watu. Tutaandika barua: tulikuja kusikia tu, hatukukubali kitu. Safari hii nitaisoma kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya kila mutu, kabla hajaweka kidole.

Jumapili, 22 Juni

Baada ya misa, nyumba kwa nyumba. Arobaini na tisa wameweka kidole. Wengine wamekataa, watoto wao wanangoja kazi. Siwezi kuwalaumu, hata kwangu kuna anayengoja. Mama Arlette alinifungia mulango. Ni haki yake.

Saa kumi Monsieur Aristote alifika nyumbani. Alikaa, akaomba maji, akasifu kivuli chetu. Akasema jina la Ephraïm liko la kwanza kwa orodha ya kazi. Akasema pia ni vigumu bwana akiwa ndani ya kampani na bibi akiwa nje. Akashukuru kwa maji, akaenda.

Ephraïm alisikia yote. Alichukua bisibisi, akaanza kutengeneza redio ambayo haijaharibika.

Jumatatu, 23 Juni

Ephraïm amenijazia ndoo za maji bila kuombwa.

Jumatano, 25 Juni

Naandika ndani ya sali, mikono ipate kazi. Barua iko kwa magoti yangu.

Watu wamejaa mpaka madirishani. Mbele, wakubwa watatu na meza. Kuume, vijana wa kampani na kofia ngumu mpya za njano. Ephraïm yuko kwa benchi yao. Aliondoka nyumbani mbele yangu, hakusema anaenda kukaa wapi. Sasa najua.

Monsieur Aristote amesema vizuri: kazi, barabara, taa. Wengi wamepiga makofi. Hata mimi ningepiga.

Sasa mukubwa wa katikati anainua karatasi zangu. Anasema: wakaaji walishakubali, majina ni haya. Mama Chantal amesimama. Anasema: hapana, na aliyeyaandika yuko humu ndani.

Mukubwa anauliza ni nani.

Mama Chantal haniangalii. Ameniachia mwenyewe.

Nimesimama. Barua nimeibana kwapani, naandika huku nimesimama kama mwenda wazimu. Kuna mutu anapita katikati ya mabenchi. Ni Ephraïm. Kichwa wazi, kofia ameiacha kwa benchi. Vijana wenzake wanamwangalia. Monsieur Aristote anamwangalia.

Amefika kwangu. Ananyoosha mukono, anataka kunishikia hii kaye ninayoandikia, ili barua niishike kwa mikono miwili.

Nampa