Nyota Mbili za Mama

Nchelenge

Yaya wangu Méschac, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu katika Bwana, wewe, mke wako Arlène na watoto wote hapo Kilwa, ng'ambo ya ziwa. Mgongo umepoa, au bado unainua magunia kama kijana? Mimi na binti yangu Chouchou tuko wazima.

Nimepata ujumbe wako kwamba nyumba uliyonijengea kwenye kiwanja cha baba imeezekwa, na unauliza nitavuka lini. Nitajibu. Kwanza usikie vituko vya Chouchou.

Unakumbuka uliporudi Congo nami nikabaki huku, tuligawana nyota za mama? Wewe ulichukua ya asubuhi, inayotokea juu ya ziwa upande huu wangu. Mimi nikachukua ya jioni, ambayo katika hadithi zake mama aliiita muke wa mwezi, inayozama upande wenu. Sasa Chouchou ametoka shule akaniambia ni moja, tena si nyota. Ni sayari, Zuhura, jirani yetu, karibu sawa na dunia kwa ukubwa, na ikionekana jioni, alfajiri haipo. Nilimwambia kwamba mwalimu wake hajawahi kulala ufukweni. Akaendelea tu: inapita sayari zote kwa joto, maana mawingu yake mazito hayaachi joto litoke; siku yake ni ndefu kuliko mwaka wake; jua lake huchomoza magharibi; na mwezi haina hata mmoja. Hapo nikacheka mpaka machozi. Maskini mama, na ile ndoa ya nyota na mwezi aliyotusimulia kila akipakua bukari, ugali wetu!

Nilicheka, kisha nikalia kweli. Nimemkumbuka akituita tule kabla ya giza, na wewe ukininyang'anya kichwa cha samaki. Natamani hata ule ugomvi. Na iliniuma kwamba jioni zote nilizokuwa naitazama, wewe alfajiri ulitazama maji matupu.

Basi nikujibu. Yaya, sitarudi kukaa. Patson, yule mwenye kinu cha kusaga unga aliyekubebea mizigo ulipoondoka, ameniposa, nami nampenda. Wazee wake wameleta posa kwa desturi ya huku, ndani ya sahani mbili zilizofunikana, na anayezifunua ni mkubwa wa ukoo wa mwanamke. Walitaka mchungaji afanye kwa niaba yetu, wakidhani sina mtu. Nimekataa. Najua nyumba uliijenga kwa mikono yako; ukikasirika, una haki. Lakini vuka uje. Sahani ziko juu ya kabati, na hakuna atakayezigusa kabla yako.

Mbusu Arlène kwa niaba yangu, na watoto wote.

Mdogo wako akupendaye,
Reine