Sauti ya Sokoni

New York, 9 Oktoba 1930

Mama yangu mpenzi,

Natumaini kaa wa msimu huu ni wanono na goti lako limepoa. Mimi mzima, nakula vizuri.

Nilikudanganya, Mama. California sikuondoka kwa kuchoshwa na jua. Filamu zilipoanza kusema, bosi wa studio, Bwana Lindauer, alinifukuza: "Sura ya malkia, sauti ya muuza samaki!" Nikaona haya kukuandikia.

Sasa sikia. Jana Lindauer alikuja kutazama mchezo wetu wa jukwaani, ule wa kuwacheka watu wa filamu. Mimi ni bibi harusi. Maikrofoni imefichwa kwenye chungu cha maua, kama tulivyokuwa tukifanya kweli kule studio, basi bwana harusi nampa kisogo, nayaambia maua, "Nakupenda!" Mwongozaji ananikaripia, "Paza sauti! Maua hayajasikia!"

Nikaitoa ile sauti yako ya alfajiri, ya kuwaita wateja wa kaa. Watu walivunjika mbavu mpaka roshani ya juu. Lindauer akanifuata nyuma ya jukwaa, bado anafuta machozi.

"Sauti hiyo umefundishwa na nani?"

"Na mama yangu. Anauza samaki Baltimore."

Dada Agatha ameniandikia kwamba masikio yako yamekuwa mazito, nawe unaficha. Njoo Jumamosi mchana, Mama. Nimekuwekea kiti cha roshani, mstari wa nyuma kabisa. Utanisikia.

Binti wa muuza samaki,
Philomena