Baba Mkwe Yuko Mlangoni

Jumatano, 2 Julai 2025

Miezi saba ya ndoa, na bado Andwele akiniita "mke wangu" nasisimka! Baridi ya hapa mtaani kwetu Mazwi si kitu. Hata mtoto tumboni akisikia sauti yake anacheza. Nani kama mimi?

Baba mkwe amefika kutoka Tukuyu, kifua kinamsumbua. Kwa mila yao mke wa mtoto haonani na baba mkwe, wala hasemi naye. Akikohoa, nakimbilia chumbani. Chakula naweka kwenye stuli, nagonga, natoweka. Nacheka peke yangu – kama watoto wanaojificha kwenye kombolela!

Jumatatu, 7 Julai

Leo kliniki. Nimevaa gauni la bluu analolipenda Andwele. Nafika sebuleni – kikohozi. Baba mkwe kaweka kiti mlangoni, anaota jua. Na nyumba ina mlango huo mmoja! Kaota hadi saa saba. Choo chenyewe kiko nje, nimebana mpaka machozi. Jirani yangu Jenifer kanichungulia dirishani: shoga, umeolewa na Andwele au na mlango?

Jioni Andwele karudi hoi. Walikuwa Katandala, yeye na wenzake wa afya, wakielimisha watu. Anasema wajawazito na wazee wanatufia mjini hapa hapa kwa sababu wanacheleweshwa nyumbani. Sauti yake tamu hata akitaja vifo! Akauliza habari za kliniki. Nikasema wiki ijayo. Ningemshtakije baba yake?

Alhamisi, 10 Julai

Miguu imevimba. Pete haitoki – imenipenda! Kichwa kinagonga tangu jana. Andwele yuko kazini Kasense hadi kesho. Nitalala na shati lake.

Ijumaa, 11 Julai

Kichwa. Naona vimulimuli mchana kweupe. Nimempigia Jenifer, yuko sokoni, anakuja na bajaji.

Baba mkwe mlangoni kama kawaida. Akakohoa. Akakohoa tena, vibaya. Kisha kiti kikaanguka.

Nikampigia Andwele: baba kaanguka, na mimi sijiwezi. Akasema mwinue! Mara akasema hapana, usimguse, aibu itamuua kabla ya kifua. Subiri, natafuta pikipiki. Subiri kidogo tu, mpenzi wangu.

Kidogo!

Nimekaa sakafuni, mlango wa chumba nimeuachia upenyo. Baba kalala kwenye kizingiti. Naona miguu yake, mara ya kwanza. Imevimba kama yangu.

Nikasema kwa sauti: shikamoo, baba.

Kavuta blanketi alilojitanda mabegani, taratibu, kajifunika uso. Ili nipite! Blanketi linapanda, linashuka. Kidogo sana.

Andwele anapiga tena. Sipokei.

Honi nje – Jenifer ananiita. Viatu vya baba viko sebuleni, kando ya vyangu. Nimechukua pea zote mbili na kumwita Jenifer aingie: tunakwenda hospitali wote wawili, mimi na baba.