Mwanafunzi Wangu Bora Ni Mimi Mwenyewe

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa saa nane mchana natakiwa niwe watu wawili katika maktaba moja.

Mimi ni mhadhiri wa uandishi chuoni, nina miaka hamsini na minane na kipara, na mwaka huu uongozi umetuamuru tufundishe kwa mfumo wa kompyuta, mwanafunzi anaweka insha yake kwenye jukwaa la darasa kwa jina la utani ili wenzake waichambue bila kuoneana haya, basi nikafungua jukwaa, nikangoja wiki tatu, na kati ya wanafunzi arobaini hakuna aliyeandika hata "habari za asubuhi", na mkuu wa idara kila tukikutana kwenye ngazi ananiuliza, "Vipi, jukwaa limechangamka?", nami najibu limechangamka mno. Mwishowe nikajisajili kama mwanafunzi, nikajiita Kiti cha Nyuma, nikaandika insha mbovu makusudi kwamba naishi bweni na nashindia chai, na ili waniamini nikaongeza kuwa mwalimu wetu anafundisha kama anasoma tangazo la maji kukatika.

Mshauri, hapo ndipo likachangamka kweli! Watu thelathini na mmoja waliniunga mkono, mmoja akasema bora tangazo lina mwisho, mwingine akaeleza vizuri sana, kwa mifano, kwa nini maoni yangu ya maandishi mekundu humfanya aumwe tumbo, nami, kwa akaunti yangu ya mwalimu, nikampa alama za juu kwa sababu alistahili. Mke wangu alicheka hadi akakaa chini. "Mume wangu," akasema, "wenzako husengenywa na majirani, wewe umejisengenya mwenyewe." Sasa Kiti cha Nyuma amechaguliwa kiongozi wa darasa bila kupingwa.

Hilo ningelivumilia. Ila kuna mama mmoja muuguzi, nimemtambua kwa insha zake, amerudi kusoma baada ya kufeli somo hili mara mbili, darasani hafungui mdomo, lakini insha yangu mbovu alinirekebishia mstari kwa mstari, kwa upole, kisha akaanza kuweka za kwake, na ile ya wodini kwake nimeisoma mara nne, nikamsifu, na sijui nimfundishe nini tena. Jana ameniandikia: "Mwanangu Kiti cha Nyuma, hiyo chai itakuua. Ijumaa saa nane njoo maktaba, nakuletea hotpoti ya chakula, na insha yangu ya mwisho uione wewe kwanza kabla ya yule mwalimu." Nikimwambia ukweli ataacha kuandika, nisipomwambia nitakula jasho la mtu kwa uongo, nifanye nini?

Mhadhiri wa Viti Viwili

*

Mwalimu, pole, lakini ngoja kwanza nimalize kucheka.

Haya. Ulitaka watu waandike bila haya, na wa kwanza kujificha ukawa wewe. Siku ya kwanza ningekusamehe. Lakini umekubali uongozi wa darasa, umemwacha mtu mzima anatoka zamu akiwaza njaa yako, na wewe nyumbani una mke na jiko. Huoni aibu?

Unasema unaogopa ataacha kuandika. Sema na lingine: unaogopa kubaki na yule mwalimu wa tangazo la maji, ambaye hakuna anayempenda. Sikiliza basi. Ucheshi wa Kiti cha Nyuma ni wako, na kule kukubali kurekebishwa ni kwako, sijui kwa nini unaviacha mlangoni kila ukiingia darasani.

Mwandikie mama huyo leo, kwa jina lako, kabla ya mtu mwingine yeyote. Mwambie ni nani aliyekuwa akisoma insha zake, na kwamba sifa ulizompa zilikuwa za kweli. Usimwombe akufichie siri. Akikasirika, akasirike, ana haki, na insha yake ya mwisho isahihishwe na mhadhiri mwingine. Kisha nenda kwa mkuu wa idara kabla hajasikia kwa watu. Halafu andika insha ya kuungama, iweke jukwaani, jiuzulu uongozi, waache wanafunzi waichambue kwa maandishi mekundu wanavyotaka. Wewe nyamaza usome.

Na Ijumaa nenda maktaba, hata kama amekujibu kwamba haji. Saa nane uwe umekaa pale. Hotpoti ubebe wewe, upike mwenyewe, maana akija atakuwa ametoka zamu na hajala.