Sisi Huku Wazima

4 Machi

Mama, shikamoo. Natumaini hamjambo nyote, na mguu wako umepata nafuu. Mimi mzima, ila niko kizuizini pamoja na wenzangu wasio na vibali. Chumba kina vitanda kumi na viwili. Jirani yangu ni fundi cherehani, na anakoroma kama mashine yake.

Wakili anayetutetea bila malipo huja kila Alhamisi. Tunaongea kwa simu, kioo katikati. Anasema sheria inakataza kumrudisha mtu kwa watu watakaomuua, na wale niliotoa ushahidi dhidi yao hawajasahau. Kesi ni tarehe 2 Mei.

Namba ya kaka haipatikani. Mwambie aniandikie, mikono isiwe mizito.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu mpendwa, marahaba. Sisi huku wazima wa afya, hali shwari, duka linaendelea. Mguu umepona. Kaka yako anakusalimu sana. Wale watu hatuwasikii tena. Wewe kula vizuri, usiwe na mawazo juu yetu.

Mama yako

3 Mei

Mama, shikamoo. Kumbe barua zetu hufunguliwa kabla hatujapewa. Nimejua jana, mwanasheria wa serikali alipoisoma yako mahakamani: "Sisi huku wazima wa afya, hali shwari."

Wakili akasimama, akaeleza kwamba kwetu barua huanza hivyo hata paa likiwaka moto. Hakimu akauliza, "Basi mama huyu akiwa mzima kweli, huandika nini?"

Wakili akaketi.

Nimeshindwa. Tuna siku kumi na nne za kukata rufaa. Andika yaliyopo, mama, bila salamu.

Mwanao

17 Mei

Barua yako imefika leo asubuhi.

Duka liliteketea Januari, simu zikiwa humo. Kaka yako alikuwa ndani. Tulimzika kesho yake. Wiki iliyopita walipita tena, wakauliza utarudi lini. Mmoja alikaa kwenye kiti chako.

Nilikuficha kwa sababu umefungiwa. Ungelia na nani?

Mguu haujapona. Mpe wakili karatasi hii. Usije.

Mama yako

18 Mei

Mama, shikamoo. Natumaini hamjambo nyote. Mimi mzima wa afya.

Muda wa rufaa uliisha juzi. Wakili aliomba wiki moja zaidi, wakakataa. Leo alikuja ingawa si siku yake. Aliweka kiganja kwenye kioo, simu hakuinua.

Jibu lako halijanifikia. Usijilaumu, posta ndivyo ilivyo. Nami nimewaza, labda ile ya Machi uliandika kweli tupu, na mjinga ni mimi.

Kesho tunahamishiwa kituo cha karibu na uwanja wa ndege. Barua hazitufuati huko. Ndege ni tarehe 8 Juni, asubuhi. Mwambie kaka aje kunipokea. Ile mikono yake mizito ya kuandika, begi itabeba.

Mwanao