Mluzi Ndani ya Kaswida

Jumatatu, 5 Agosti

Redio mpya imekaa vizuri. Amplifaya iko chini ya kiti cha nyuma, spika milangoni. Gari la tonton Rashidi, mjomba wangu, mdogo wake maman, lilitoka Japani na redio isiyoshika stesheni yoyote ya Bukavu, ndiyo maana nimebadilisha kila kitu. Nikaweka kaswida. Safi. Nikawasha injini: mluzi. Nikikanyaga mafuta, unapanda. Nikiachia, unashuka.

Gitaa na ngoma zingeufunika. Kaswida haifuniki kitu. Ni sauti za watu tu, na kati ya beti kuna kimya. Mluzi unaingia hapohapo.

Jumamosi gari hili linamtelemsha binti yake tonton hadi Uvira, kwa mumewe. Tonton alisema mbele ya maman: sauti ikiwa safi, chumba cha pembeni ya duka lake Kadutu ni changu, nifungue karakana. Isipokuwa safi, anakichukua muuza simenti. Nakitaka chumba hicho. Nakitaka kuliko nilivyoitaka diploma ya elektroniki.

Jumanne, 6 Agosti

Nimefikiri kabla ya kugusa. Injini ikizimwa, kimya. Basi mluzi unatoka kwenye alternata, ile inayochaji betri. Nikipunguza sauti, kaswida inashuka, mluzi haushuki. Basi unaingia baada ya redio. Nikachomoa nyaya za sauti kwenye amplifaya: kimya kabisa. Unasafiri ndani ya nyaya hizo.

Napenda tatizo linalojibu linapoulizwa.

Hamadi, kaka wa bibi harusi, alikuja kuegemea mlango. "Da Salma, ule mbu wako anaimba kupita hata kaswida. Tumualike na yeye ku harusi?"

Nilicheka. Nilikasirika pia.

Jumatano, 7 Agosti

Masi, waya wa amplifaya unaofungwa kwenye bodi ya gari, niliufunga juu ya rangi. Aibu. Nimekwangua mpaka chuma kikang'aa, nikakaza upya. Mluzi umepungua. Haujaisha.

Tonton alisikiliza, kichwa upande. "Iko bado, Salma. Pale Nyawera kuna bwana mumoja anafungaka filita, kisha inaisha. Kesho kisha magharibi nitamupelekea gari."

Sitaki filita, kichujio cha kuficha mluzi. Ni kujipaka manukato bila kuoga. Siogopi mluzi. Naogopa magharibi.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimelipata.

Mchoro wa nyaya niliofuata ni wa gari lenye volani, yaani usukani, kushoto. Vitabu vyetu vyote vya Kifaransa shuleni viko hivyo. Magari yetu yanatoka Japani kupitia Dar, volani kuume. Mchoro unasema nyaya za sauti zipite kuume, mbali na umeme. Nilitii. Lakini kwenye gari hili, kuume, chini ya miguu ya dereva, ndiko unakopita mkungu mzima wa nyaya za injini. Nyaya zangu nimezilaza juu yake kama mtoto mgongoni mwa mama. Nimejifunza kuendesha nikiwa nimekaa kuume. Na sikufikiri.

Kwanza ushahidi. Nimezichomoa, nikazitandaza ovyo juu ya viti. Injini. Kimya. Mafuta. Kimya.

Kisha nikang'oa zulia, nikazipitisha katikati, chini ya gia. Vumbi la kiangazi lote puani. Nilikuwa nafunga skrubu ya mwisho mwadhini alipoanza.

Tonton alikuja kutoka msikitini, kofia bado kichwani. Akakaa, akawasha, akakanyaga mafuta. Akakunja uso.

"Salma. Redio imekufa?"

"Hapana, tonton. Wanavuta pumzi. Ngojea kidogo."

Sauti za wanawake zikaingia. Hakukanyaga tena. Alisikiliza mpaka mwisho, injini ikiunguruma chini yake kama gari la mtu mwingine. Kisha akahangaika na shada lake la funguo, kucha zikimkatalia, akatoa ufunguo mmoja.

"Kamata. Bwana wa simenti nitamuambia miye mwenyewe."

Nimeandika hili haraka. Nina furaha. Sina neno bora zaidi.

Jumatatu, 12 Agosti

Tumerudi jana kutoka Uvira. Wakati wa kwenda, kwenye bonde la Ruzizi, kabla ya Luvungi, bibi harusi alilala begani kwangu. Hakuna aliyetaja redio. Vizuri hivyo.

Leo chumba. Dirisha moja, vumbi la simenti sakafuni. Nimefagia mara mbili. Nimepiga msumari wa koleo, msumari wa tochi. Meza bado.

Karibu na adhuhuri mama mmoja alisimamisha gari mlangoni, spika zikikoroma. Akachungulia ndani, akanipita kwa macho, akatazama nyuma yangu. Akauliza fundi yuko wapi.

Nikamwambia asizime injini. Nikatoka kusikiliza.